Kundi lililopata alama zote: uchambuzi wa kisa cha kazi ya makundi katika somo la sehemu

Kisa ninachokichambua hapa kilitokea katika darasa langu la hisabati lenye wanafunzi 42, tulipokuwa tukijifunza kujumlisha sehemu zenye asili (namba za chini) tofauti. Nakiandika kwa kirefu kwa sababu kosa lililofanyika ni langu mimi mwalimu wala si la wanafunzi, na kwa sababu ni kosa lenye maficho mazuri: siku lilipotendeka, karibu kila karatasi iliyofika mezani kwangu ilikuwa na majibu sahihi.

Siku ya kwanza

Nilikuwa nimefundisha hatua za kujumlisha kwa vipindi viwili ubaoni. Kipindi cha tatu nikawapanga wanafunzi katika makundi 7 ya watu 6, nikalipatia kila kundi karatasi moja yenye maswali 5, nikasema maneno ambayo walimu wengi tumeyasema kwa nia njema: shirikianeni, saidianeni, kila mtu achangie. Niliwapa dakika 25 na nikatangaza kwamba alama itakayopatikana itakuwa ya kundi zima.

Baada ya dakika kumi hivi nilisimama nyuma ya kundi lililokaa karibu na dirisha. Karatasi ilikuwa mbele ya mvulana mmoja hodari wa hisabati, aliyeizungushia mkono wa kushoto kama anayeikinga na upepo, huku mkono wa kulia ukiandika. Wawili waliokaa kando yake walikuwa wakiitazama kalamu inavyokwenda. Wa nne alikuwa akichonga penseli ambayo tayari ilikuwa imechongoka. Wa tano na wa sita walikuwa wakizungumza kwa sauti ya chini mambo yao. Hakuna aliyefanya fujo wala aliyekataa kazi, na kama ningemuuliza yeyote kati yao, angenijibu bila kudanganya kwamba kundi lake linaendelea vizuri. Niliyaona hayo yote, nikapita, kwa sababu darasa lilikuwa tulivu na karatasi zilikuwa zikijaa.

Makundi 6 kati ya 7 yalipata alama zote. Kesho yake nikatoa maswali 5 ya aina ileile, kila mtu afanye peke yake, na zaidi ya nusu ya darasa wakajumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi na asili kwa asili, wakaandika kwamba 1/2 + 1/3 ni 2/5. Katika kundi la dirishani, lililopata alama zote jana yake, walioepuka kosa hilo na kupata jibu la 5/6 walikuwa wawili tu: mwenye kalamu na jirani yake wa kulia, ambaye kwa mahali alipokaa aliweza kuiona karatasi.

Kilichoharibika

Maelezo ya haraka, ambayo mwenzangu mmoja katika chumba cha walimu alinipa papo hapo, ni kwamba wanafunzi walitegea. Ni kweli walitegea. Lakini kutegea kuna mazingira yake, na mazingira hayo yamechunguzwa kwa zaidi ya miaka mia moja. Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, alichapisha mwaka 1913 matokeo ya majaribio ya watu waliovuta kamba, yaliyoonyesha kwamba kadiri wavutaji wanavyoongezeka, ndivyo nguvu anayotoa kila mmoja inavyopungua. Sehemu ya upungufu huo ilitokana na watu kutovuta kwa wakati mmoja. Lakini mwaka 1979 Bibb Latané na wenzake wawili, Kipling Williams na Stephen Harkins, waliitenganisha sababu hiyo kwa kuwataka watu wapige kelele na makofi, na wakagundua kwamba mtu akidhani tu kwamba wengine wanapiga kelele pamoja naye, hata kama kwa kweli yuko peke yake, hupunguza sauti. Anayepunguza sauti namna hiyo si mvivu kuliko wengine. Ameona kwamba mchango wake hautaonekana na kukosekana kwake hakutajulikana, na hivyo ndivyo nilivyokuwa nimelipanga darasa langu.

Nilipoyarudia mafundisho ya David na Roger Johnson, ndugu wawili wa Chuo Kikuu cha Minnesota ambao walijenga kazi yao juu ya nadharia ya Morton Deutsch ya mwaka 1949 kuhusu ushirikiano na ushindani, nililipima somo langu kwa nguzo 5 wanazozitaja na nikajisikia vibaya. Wanataka kutegemeana kwa dhati, yaani hakuna awezaye kufanikiwa bila wenzake kufanikiwa. Wanataka kila mmoja awajibike kwa alichojifunza yeye mwenyewe. Wanataka wanafunzi wazungumze ana kwa ana kwa namna ya kuinuana. Wanataka stadi za kuishi na kufanya kazi na watu zifundishwe. Na wanataka kundi lijikalishe chini na kujitathmini. Nguzo niliyodhani ninayo ni ile ya kwanza, kwa kuwa nilitangaza alama ya pamoja. Nayo sikuwa nayo. Alama ilikuwa ya wote, lakini kazi yenyewe iliweza kumalizwa na mtu mmoja, tena ilimalizika haraka zaidi wengine wakikaa kimya. Mvulana aliyeizungushia karatasi mkono alikuwa amesoma maagizo yangu kwa usahihi kuliko mimi niliyeyatoa: nilisema nataka majibu 5 sahihi kwa dakika 25, naye akanipa.

Kuna jambo jingine ambalo utafiti wa Noreen Webb kuhusu mazungumzo ya makundi ya hisabati ulinifungua macho kuliona. Alichoonyesha ni kwamba anayetoa maelezo yenye hatua na sababu hujifunza, ilhali anayepewa jibu tupu, hasa pale alipokuwa amehitaji maelezo, hapati faida. Nikaanza kukumbuka nilichosikia nilipokuwa nikizunguka siku ile. Nilisikia "namba mbili ni ngapi?" na nikasikia "kumi na moja chini ya kumi na mbili". Sikumbuki kusikia popote neno "kwa nini". Kulikuwa na mazungumzo, lakini yalikuwa ya kuhamisha majibu kutoka daftari hadi daftari.

Kupanga upya

Nilipoamua kujaribu tena, wazo la kwanza lililonijia ni mbinu ambayo Elliot Aronson na wanafunzi wake waliibuni mwaka 1971 huko Austin, Texas, wakati shule za mji huo zilipokuwa zimeanza kuwachanganya watoto weupe, weusi na wenye asili ya Meksiko, na chuki kati yao ilikuwa imepamba moto. Katika mbinu hiyo somo hugawanywa vipande. Kila mmoja katika kundi hupewa kipande kimoja, hukutana na wenzake wa makundi mengine waliopewa kipande hichohicho ili wakielewe barabara, kisha hurudi kuwafundisha wa kundi lake. Nguvu yake iko wazi: huwezi kumpuuza mtu mwenye kipande usichokuwa nacho. Hata hivyo niliiacha, na nadhani sababu yangu itamfaa mwalimu mwingine. Mbinu ile inafaa sana kwa habari ya kusoma inayogawanyika, kama vile sehemu mbalimbali za historia au viungo vya mwili, lakini kujumlisha sehemu ni ustadi ambao hatua zake zote lazima zikae katika kichwa kimoja. Nikimfanya mmoja kuwa mtaalamu wa kutafuta kigawe kidogo cha shirika na mwingine mtaalamu wa kubadilisha kiasi, nitapata watoto 4 wenye robo ya ustadi kila mmoja, na hilo ni baya kuliko nilichoanza nacho.

Nilichochagua ni mpangilio wa namba unaojulikana sana kutokana na kazi ya Spencer Kagan. Nilipunguza makundi kutoka watu 6 hadi 4, nikapata makundi 9 ya wanne na mawili ya watatu, na katika yale ya watatu mwanafunzi mmoja akashika namba mbili badala ya moja. Kila mtu alikuwa na namba yake kuanzia 1 hadi 4. Swali likitolewa, kwanza kila mmoja hulifanya kwenye daftari lake kimya kwa dakika mbili. Kisha kundi hulinganisha na kubishana mpaka liridhike kwamba yeyote kati yao anaweza kueleza. Kisha mimi huokota kikaratasi chenye namba kutoka kwenye kopo, na mwenye namba hiyo katika kundi nitakalolitaja huja ubaoni kueleza jibu na njia iliyolileta. Hakuna kundi linalojua nani ataitwa. Kwa hiyo yule hodari hawezi kuliokoa kundi kwa kujua peke yake, na yule anayesuasua hawezi kusahaulika, kwa sababu huenda ndiye atakayesimama.

Kupunguza idadi kulisaidia kuliko nilivyotarajia. Watu 6 wakikaa kuzunguka madawati mawili yaliyounganishwa, wale wa pembeni hawaisikii sauti ya upande wa pili wala hawaioni karatasi, na papo hapo huzaliwa kundi la pili ndani ya kundi. Wanne huinamiana na kusikilizana.

Niliyaandaa pia mapema mazungumzo tunayoyataka. Niliandika ubaoni kauli tatu na tukazifanyia mazoezi kwa sauti kabla ya kugusa sehemu yoyote: "nionyeshe ulipataje", "hapa sijakuelewa, rudia", na "sikubaliani kwa sababu…". Nilidhani wangeona ni utoto. Hawakuona hivyo. Mtoto ambaye hajawahi kufundishwa kumwambia mwenzake kwamba amekosea bila kumdhalilisha, hukaa kimya au humdhalilisha, na nadhani tumewalaumu watoto wengi kwa kukosa adabu ambayo hatukuwahi kuifundisha.

Sauti iliyosikika bila kusikilizwa

Hapa ndipo kisa kinapokuwa kigumu zaidi. Kipindi cha kwanza cha mpangilio mpya kilikwenda kwa uchangamfu, na nilikuwa nikijipongeza kimoyomoyo nilipofika kwenye kundi moja la wanne lililokuwa likishughulikia 1/2 + 1/3. Mmoja wao, mvulana mchangamfu ambaye darasa zima limezoea kumwona kama mwenye akili, alikuwa ameandika 2/5 na alikuwa akiwaeleza wenzake kwa uhakika. Msichana aliyekaa mkabala naye, mtoto ambaye alama zake za nyuma zilikuwa za chini na ambaye huzungumza akiinamisha uso, alisema, "Lakini nusu ya tano ni mbili na nusu, na hapa tuna mbili tu. Hii haijafika hata nusu. Tumeongeza, mbona imepungua?"

Naomba msomaji alitazame swali hilo vizuri. Katika hoja hiyo mtoto huyo hakuitegemea kanuni ya kutafuta kigawe kidogo cha shirika. Alikuwa na kitu cha thamani zaidi, yaani hisi ya ukubwa wa sehemu, na kwa hisi hiyo alikuwa amelibomoa jibu la mwenzake kutoka kwenye msingi. Mvulana alimjibu, "Ndivyo Mwalimu alivyofanya," akaendelea kuandika. Wale wengine wawili walinakili 2/5. Msichana alilitazama daftari lake ambalo alikuwa ameandika 5/6 kwa penseli hafifu, akachukua kifutio, akafuta.

Elizabeth Cohen wa Chuo Kikuu cha Stanford alitumia miaka mingi kuchunguza jambo hili hasa. Alionyesha kwamba wanafunzi huingia kwenye kundi wakiwa tayari wamepangwa kwa hadhi, nani anajua na nani hajui, nani asikilizwe na nani apitwe, na kwamba hadhi hiyo huamua nani atazungumza, na anayezungumza zaidi hujifunza zaidi. Kwa maneno mengine, kazi ya kundi ikiachwa ijiendee yenyewe inaweza kuupanua ufa uliokuwepo. Mpangilio wa namba ulikuwa umetibu kutegea, lakini haukuligusa hili. Msichana yule hakuwa ametegea hata kidogo. Alifanya kazi yote iliyotakiwa, kisha akaifuta.

Jambo la kwanza nililotaka kufanya ni kuinama, kumwambia mvulana amekosea, na kuwaonyesha njia. Ningefanya hivyo jibu lingesahihishwa na hadhi zingebaki zilipo, kwa kuwa ukweli ungekuwa umetoka kwa mwalimu kama kawaida. Nilisubiri kidogo, kisha nikasema mbele ya wote wanne: "Nimesikia hoja hapa ambayo lazima kundi hili liijibu kabla ya kuendelea. Mwenzenu amelinganisha jibu na nusu, na hiyo ni njia ambayo wanahisabati huitumia kupima kama jibu linawezekana. Mjibuni." Nikaondoka, ingawa miguu ilitaka kubaki.

Cohen anasisitiza kwamba sifa ya namna hii ni lazima iwe ya kweli, iwe mahususi na itolewe hadharani, na nimeelewa kwa nini. Kama ningesema "umefanya vizuri sana", wenzake wangejua kwamba ni maneno ya kumtia moyo mtoto dhaifu, naye pia angejua. Nilitaja kitu alichokifanya kwa akili yake, na kitu hicho kilikuwa kikihitajika mezani wakati huohuo. Niliporudi nilimkuta mvulana yuleyule amechora mistari miwili yenye urefu sawa, mmoja ameukata vipande 2 na mwingine vipande 5, na akimwuliza msichana, "Sasa wewe ulipata ngapi?" Namba iliyotoka kwenye kopo haikuwa ya yeyote kati ya hao wawili. Ilikuwa ya mmoja wa wale walionakili, naye alikuja ubaoni akaanza kueleza kwa nini 2/5 haiwezekani, kabla hata ya kusema jibu lililo sahihi.

Suala la alama

Wiki hiyohiyo mama mmoja alikuja kuniona. Binti yake ni miongoni mwa wanaofanya vizuri, na alitaka kujua kwa nini mtoto wake afundishe wenzake badala ya kusonga mbele, na zaidi ya hapo, kwa nini alama yake ishushwe na watu ambao hawakusoma. Kwenye swali la pili alikuwa na haki, nami nilimwambia hivyo. Alama ile ya kundi ya siku ya kwanza nilikuwa nimeifuta kwenye kitabu changu cha kumbukumbu, kwa sababu ilidai kupima kile ambacho haikukipima. Kwa swali la kwanza nilimweleza kwamba anayeeleza hulazimika kuzipanga hatua zake na kugundua mahali ambapo yeye mwenyewe alikuwa akikisia, na nikamwonyesha daftari la binti yake, ambamo alikuwa amekata jibu lake mwenyewe katikati ya kumweleza mwenzake na kuandika jingine chini yake. Aliutazama ukurasa huo kwa muda mrefu. Hakuniambia kwamba ameridhika, na sikumlazimisha aseme.

Kuhusu kutuza makundi bila kumdhulumu mtu, nilichokichukua ni fikra iliyomo katika mbinu za Robert Slavin wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Kila mmoja hufanya jaribio peke yake bila kusaidiwa, na mchango wake kwa kundi hupatikana kwa kulinganisha alama yake ya leo na wastani wake mwenyewe wa nyuma. Aliyezoea kupata 4 kati ya 10 akipata 6, huliletea kundi lake pointi sawa na aliyezoea 7 akapata 9. Katika kitabu cha alama huingia alama ya mtu binafsi peke yake; pointi za kundi hutumika kwa kulitambua kundi darasani na haziingii kwenye ripoti ya mtoto. Slavin alipolinganisha tafiti nyingi alifikia hitimisho kwamba faida ya kujifunza huonekana pale mambo mawili yanapokutana, lengo la kundi na uwajibikaji wa kila mmoja, na baada ya kisa hiki simkatalii.

Baada ya majuma matatu

Mpangilio huu unakula muda. Katika kipindi ambacho zamani tungefanya maswali 5, sasa tunafanya 3, na dakika 5 za mwisho huenda kwenye tathmini, ambapo kila mmoja huandika kitendo kimoja cha mwenzake kilichomsaidia na kimoja ambacho yeye mwenyewe atakibadilisha. Mwanzoni waliandika "alinisaidia" bila kusema alisaidiaje. Nilizirudisha karatasi. Wiki ya pili mmoja aliandika kwamba mwenzake "aliniachia kalamu nikosee mwenyewe kwanza", na niliposoma nilitambua mwandiko wa mtoto aliyekaa kando ya dirisha siku ile ya kwanza, na mwenzake aliyemtaja alikuwa ni yule aliyeizungushia karatasi mkono.

Katika jaribio la kila mtu peke yake mwishoni mwa juma la tatu, kosa la kujumlisha asili kwa asili lilikuwa limebaki kwa wanafunzi wachache, ambao nimewapangia kipindi cha kukaa nao kwa vipande vya karatasi vya kukata na kupima. Sidai kwamba makundi peke yake ndiyo yaliyofanya kazi hiyo, kwa sababu tulikuwa pia na majuma matatu ya mazoezi.

Ninaye bado mwanafunzi mmoja ambaye hazungumzi mbele ya watu watatu. Daftari lake limejaa majibu sahihi, dakika mbili za kimya anazitumia vizuri, na kundi likianza kubishana yeye hunyamaza. Niligundua kwa bahati, siku ambayo wenzake wawili hawakufika, kwamba akiwa na mtu mmoja tu huzungumza tena kwa kirefu. Kwa hiyo nimeongeza hatua katikati, kwa kufuata utaratibu ambao Frank Lyman wa Chuo Kikuu cha Maryland aliueleza mwaka 1981: baada ya kufikiri peke yake, kila mmoja humgeukia jirani mmoja kabla wanne hawajakutana, na wakikutana, anayeeleza ni jirani, akieleza alichosikia kutoka kwa mwenzake. Jumatatu ijayo tunabadilisha makundi. Nimemweka na msichana aliyefuta 5/6, wawe jirani, kwenye dawati la mbele upande wa mlangoni.